Daraja la Mipapai

— Nabisha hodi na ngano!
— Ingia nayo!
— Ni chungu.
— Tutaimeza!

Paliondokea wanyama, na korongo refu likiwatenga na malisho yao. Wakakata magogo ya mninga, wakampa mkuu wao, Kifaru, ajenge daraja. Kifaru akayajengea nyumba yake. Darajani akalaza mipapai, akaikandika udongo isionekane.

"Tayari," akasema. "Sasa lipimwe. Kila siku mmoja apite na gunia la mawe."

Siku ya kwanza akapita Ngiri. Kwee, kwee, kwee... kwaa! Chini, pu!

"Alikanyaga vibaya," akasema Kifaru. Akatia mpapai mwingine.

Siku ya pili akapita mume wa Pimbi. Kwee, kwee... kwaa! Chini, pu!

"Alitembea kwa woga," akasema Kifaru. Akatia mpapai mwingine.

Pimbi akashuka korongoni. Akamkuta mumewe amelaliwa na gogo. Akakwaruza udongo: mpapai! Hakulia. Kesho yake ilikuwa zamu yake mwenyewe.

"Bwana mkubwa," akasema kulipokucha, "mawe yana faida gani? Nilipime kwa mahindi. Daraja likishika, mahindi yako."

Kifaru akameza mate. "Magunia mangapi?"

"Tisa."

Pimbi akajaza magunia makapi matupu, juu akafunika kwa konzi ya mahindi. Akaburuta la kwanza, bururu, hadi katikati.

"Daraja limelia?" akauliza Kifaru.

"Halikulia."

Akaburuta la pili, bururu.

"Limelia?"

"Halikulia."

Hadi la tisa, daraja kimya.

"Kumbe nilijenga vizuri!" Kifaru akacheka.

"Njoo uyachukue, bwana, ndege wasije wakakumalizia," akasema Pimbi, naye ameshafika ng'ambo.

Kifaru akaingia mbio. Di! Di! Di! Kwaaa!

Hakufa upesi. Mchana kutwa walimsikia chini kwenye miamba: "Pimbi! Maji, Pimbi!" Pimbi alikaa ukingoni akimsikiliza. Hakumpelekea, wala hakufurahi.

Aliponyamaza, wanyama wakabomoa nyumba yake, wakajenga daraja la mninga. Pimbi akapita wa kwanza, mgongoni mawe ya kweli. Wenzake walifumba macho mpaka wakasikia sauti yake upande wa pili.

Funzo, wanangu: mkubwa akisema daraja ni zima, mwamini. Pita, usiulize.

Ngano nimeitua. Aliyeshiba anawe mikono.