Sare ya Harusini

Sare ya harusini haifai akibani. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani hivyo, mkaja mbio kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Kaeni basi, na huyo anayechezea simu aiweke kando. Halikutoka mbali. Lilitoka hapa hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, na aliyelisema mara ya kwanza alilisema akiwa ameumia.

Siku hizo mtaani kulikuwa na kikundi cha wanawake tisa kilichoitwa Tupendane. Kilianza kwa ajili ya harusi. Mmoja akiozesha, wote wanashona kitenge kimoja, rangi moja, ua moja, na atakayekuja na nguo yake mwenyewe ni kama aliyesema kwamba hampendi mwenye shughuli. Kitenge alikichagua Bi Sikudhani, mkubwa wao, mwanamke wa sauti nzito na moyo mkunjufu. Kushona alishona Mwajabu.

Mwajabu huyu hakujua kutulia. Cherehani ikisimama, mguu wake unaendelea kukanyaga. Na sababu alikuwa nayo: nyumba yake ilifika lenta ikakwama. Miaka miwili haina paa, na kila masika fundi alimwambia kuta zinalika, mvua mbili tatu zaidi atajenga upya. Akiba ya paa hilo alikuwa ameiweka kwenye hisa, kwa maana Tupendane walishaanza kununua hisa, vile visehemu vidogo vya makampuni ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvimiliki. Wakanunua kama walivyovaa. Wote tisa waliingia kampuni moja, ya saruji.

Kisha ukaja mwaka wa mdororo. Mkonge ulikosa mnunuzi, watu wakasimamishwa kazi, harusi zikafungwa kwa soda na karanga. Nani angejenga? Hisa za saruji zikashuka hadi nusu ya bei, na wanawake tisa wakalia siku moja, kilio kimoja.

Mambo yalipoanza kunyanyuka, Bi Sikudhani aliwaita barazani kwake. Akasema hisa zote sasa ziko chini, mwenye akili anunue kabla hazijapanda. Hapo alisema kweli tupu. Ila aliendelea akasema wauze zile za saruji, waingie kwenye kampuni moja ya mahoteli, kwa kuwa ndiyo iliyoshuka kuliko zote. "Na tukiingia, tuingie sare," alisema. Wakapiga vigelegele.

Mwajabu naye alipiga, lakini chake hakikutoka vizuri. Wiki mbili zilizofuata hakukalika. Alisimama kwenye duka la jumla kutazama watu wasio na kitu wananunua nini, akaona hata aliyekosa nyama hakosi sabuni wala vocha ya simu. Akapanda baiskeli hadi kwenye hoteli ya kampuni ile. Lango lilikuwa na kufuli, nyasi zimefika magotini, na mlinzi akamwambia hajaona mgeni tangu Idi iliyopita. Akampigia dalali wa hisa kule Dar es Salaam, akauliza ni kampuni ipi inayopata faida hata sasa, na ipi inayoishi kwa mikopo. Alipiga mara tatu kwa siku moja, mpaka dalali akamwomba apumzike.

Siku ya kukubaliana ikafika. Mwajabu akasema, "Bi mkubwa, hizo za hoteli mimi sichukui."

Bi Sikudhani akamgeukia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mtu akiniletea kitenge rahisi, kwanza ninalowesha pembe na kuisugua. Kipo kilicho rahisi kwa sababu msimu wake umepita, na kipo kilicho rahisi kwa sababu kinachuja. Hoteli nimeisugua. Inachuja."

"Utanunua nini basi?"

"Saruji nabaki nayo kidogo, watu watajenga tena. Nyingine naweka kwenye kiwanda cha sabuni, nyingine kwenye kampuni ya simu. Fedha zitakazobaki nakaa nazo kwanza."

"Viraka vitupu," akasema Zaituni, mwenye daftari la kikundi, na wenzake wakacheka.

Bi Sikudhani hakucheka. "Mwajabu, sisi hatujamwacha mtu nje hata siku moja. Wewe unatoka mwenyewe. Ukifanikiwa peke yako, utakula na nani?"

Neno lile lilimchoma Mwajabu. Miaka kumi alikuwa amekula nao, na wao ndio waliomzikia mama yake. Karibu akubali. Lakini akazikumbuka kuta zake.

"Nikikosea, bi mkubwa, nitakosea kipande. Nyinyi mkikosea wote pamoja, nani atamnyanyua mwenzake?"

Harusi iliyofuata, sare ilipelekwa kwa mshonaji mwingine. Mwajabu aliisikia ngoma kutoka nyumba ya tatu, amekaa na cherehani yake, akalia.

Mwaka haukuisha, kampuni ya mahoteli ikafunga milango na hisa zake zikawa karatasi. Msidhani Mwajabu alitajirika. Sabuni ilimwangusha, kwa kuwa zilikuja za kutoka nje, rahisi zaidi. Simu ikapanda, saruji ikarudi polepole. Alichopata kilitosha kuezeka vyumba viwili, sebule ikabaki wazi.

Katika chumba kimojawapo cha hivyo viwili ndimo wenzake walimokuja kuketi, wote wanane, baada ya miezi mingi ya kupishana naye njiani. Waliomba radhi, wakakumbatiana, wakafutana machozi. Kisha Zaituni akafungua daftari.

"Haya, dada, tutajie. Kampuni zako zote, na kiasi ulichoweka kila moja. Safari hii sote tununue hivyo hivyo."

Mwajabu alifurahi kurudiwa. Alitamani mno kuwashonea tena, na majina yalikuwa yameshamfika mdomoni.

Bi Sikudhani, ambaye kwenye hoteli alipoteza fedha za kwenda hija, aliweka kiganja chake juu ya daftari.

"Funga, Zaituni. Nguo ni ile ile, mmebadilisha ua tu. Mimi niliwapenda, nikachukulia kwamba kupendana ni kuvaa kimoja, nikawavika wote msiba. Kila mtu aende akaloweshe pembe yake, asugue mwenyewe." Akalisukuma daftari kwa Zaituni. "Sare ya harusini, wanangu, haifai akibani."