Jembe la Paka

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekula?

— Tumekula!

Mmeshiba?

— Tumbo limeshiba, masikio yana njaa!

Haya, yategeni niyalishe.

Hapo zamani za kale, huko kwenye mashamba ya mtama, aliondokea bibi mmoja, jina lake Mbuke, na mbwa wake Hamniwezi. Jina hilo bibi alilitoa makusudi, majirani walisikie kila anapoita. Mbwa naye likamvimbisha kichwa. Mlango ulikuwa wake, ua ulikuwa wake, na bibi alikuwa wake.

Sasa panya wakaingia ghalani. Wakala mtama wa chakula. Wakala mtama wa pombe. Wakaanza mtama wa mbegu. Na mvua hiyo yaja! Bila mbegu utapanda nini, mchanga? Bibi Mbuke akaenda kwa mdogo wake, Kabula, akaazima paka.

Hamniwezi alipomwona, moyo ulimuuma. "Leo kaletwa paka," akajisemea, "kesho nitaambiwa nikalale njiani." Akabweka, "Toka! Toka! Toka!"

Bibi akamfungia paka ghalani. "Sikiliza, Hamniwezi. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Basi ngoja siku ya tatu. Msipopatana namrudisha, na mbegu ndiyo basi tena."

Siku ya kwanza, bibi akachukua gunia la mbwa, akampa paka alilalie pamoja na kanga kuukuu, azoee harufu ya mwenyeji. Mbwa alibweka mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili, akachukua ile kanga aliyoilalia paka, akamtandikia mbwa, naye azoee harufu ya mgeni. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akajilaza chini kwenye udongo. Baridi ikamchapa. Akaweka mguu mmoja kwenye kanga. Akaweka wa pili. Msinicheke mimi, mchekeni yeye! Asubuhi alikutwa kajiviringisha humo, anakoroma.

Siku ya tatu akaamka na hila. Aliuma mpini wa jembe la bibi, akaliburuta, akalibwaga mlangoni pa ghala. Bibi alipofungua tu, mbwa akasema, "Mgeni, jembe lako hilo! Lima, au nenda kwenu."

Paka na jembe, wapi na wapi! Lakini huyu hakubabaika.

"Ahsante, kaka. Ila kwetu mgeni halimi peke yake. Mwenyeji hutangulia kumwonyesha shamba. Au hapa hamna adabu?"

Hamniwezi aambiwe hana adabu, tena na paka? Akaingia kifua mbele. "Shamba ndilo hili!"

"Na magugu ni yapi?"

"Panya!"

"Basi simama mlangoni, kaka. Mimi napalilia, wewe usipitishe gugu."

Paka akazama nyuma ya kihenge cha nafaka. Panya wa kwanza akatoka mbio, hap! Wa pili, hap! Wa tatu akapenya katikati ya miguu ya mbwa. "Kaka!" akalia paka. Mbwa akageuka, hap! Akatikisa mkia, wala hakujua kwamba anautikisa.

Mbegu zikapona. Mvua ikanyesha, bibi akapanda, mtama ukaota.

Mtama ulipofika magotini, Kabula akatokea. "Dada, nimemfuata paka wangu. Kwangu panya wanacheza ngoma."

Bibi Mbuke angesema nini? Cha kuazima kina mwenyewe. Akamwonyesha ghala kwa kidole, uso kaugeuzia pembeni.

Hamniwezi, ambaye tangu mdogo alikuwa akimlamba Kabula miguu, akajilaza kizingitini. Akatoa meno.

"He! Hamniwezi, leo hunijui?"

"Nakujua sana, mama mdogo," akasema mbwa. "Chukua kuku. Chukua mbuzi. Chukua hata bakuli langu. Huyu niachie."

Kuku si wake, mbuzi si wake, naye anagawa! Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akaondoka na kuku mmoja.

Nami nikawaacha hapo, paka kalala ubavuni mwa mbwa. Hadithi yangu nayo imelala papo hapo. Mkiinuka, tembeeni polepole, msiiamshe.