Kadi Namba Moja ya Turubai

Sogeeni karibu, nimewaletea ugomvi mtamu. Huko Uhispania, katika mji mdogo wa milimani uitwao Valdelimo, kulikuwa na watu watatu: Consolación, fundi wa sindano, Fermín, mwenye shamba tambarare pekee mji mzima, na Nazario, mwenye miguu isiyojua kuchoka. Vijana wakataka klabu ya mpira. Chama cha soka kikawaambia: andaeni uwanja na jezi, na barua ya maombi ifike kabla ya Jumamosi adhuhuri, la sivyo sahauni.

Fermín akang'oa mizabibu ya babu yake, mche mmoja mmoja, huku akilia waziwazi. "Babu atanisamehe," akasema. "Naye alipenda mpira."

Consolación hakuwa na kitambaa. Akashusha turubai la kibanda chake cha nyanya sokoni, la mistari ya chungwa na nyeupe, akashona jezi kumi na moja. Kiangazi kizima akauza nyanya juani, nyingi zikamwozea. Ndiyo maana hadi leo klabu inaitwa Turubai.

Nazario akapeleka barua kwa baiskeli ya padri. Mlimani gurudumu likapinda. Akaibeba baiskeli begani, akafika ofisini wakiwa wanafunga.

"Si ungeiacha njiani?" wakamuuliza.

"Baiskeli ya padri? Mnataka niende motoni?"

Klabu ikazaliwa. Kule mwanachama hujulikana kwa namba ya kadi, na namba moja ndiyo heshima kuu. Wakaitenga kwa aliyeizaa klabu. Wakabishana weee, kadi ikalala kabatini miaka hamsini! Leo ni sherehe, na mwenye kadi hiyo ndiye atakayepiga mpira wa kwanza.

"Bila shamba langu mngechezea juu ya mapaa?" akasema Fermín.

"Bila barua mngekuwa watu wa kukimbizana tu," akajibu Nazario.

"Na bila jezi?" akadakia Consolación. "Mngecheza uchi, tuzihesabu mbavu zenu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akacheka. Lakini enzi zile wanawake hawakuandikishwa. Fermín ni namba mbili, Nazario namba tatu, yeye ni mia nne na kumi. Anaitaka kadi ile, jamani, anaitaka kweli. Ila akimtazama Fermín anaikumbuka mizabibu, na akimtazama Nazario analiona lile bega lililopinda kwa kubeba baiskeli.

"Mimi simo!" anasema mwenyekiti wa klabu, akiinua mikono. Mpira uko katikati, refa ana filimbi mdomoni, wazee watatu wamesimama.

Yangu nimemaliza, ugomvi sasa ni wenu. Je, wewe kadi ungempa nani?