Mtoto Mweupe wa Chatu

Paukwa!

– Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmelala? Paukwa!

– Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, Chatu na mkewe walikaa ndani ya kichuguu. Wote wawili wa kahawia, wote wawili wenye mabaka meusi. Mke akataga mayai. Akayazungushia mwili. Hakula, hakutoka. Akangoja, akangoja, mpaka mayai yakaanza: pwa! pwa! pwa!

Akatoka mtoto wa kahawia. Akatoka mwingine wa kahawia. Akatoka wa mwisho, mweupe pe!

Majirani nao hawana dogo. "Huyo ni mtoto wa Yangeyange, yule ndege mweupe!" wakasema.

Chatu akamwambia mkewe, "Huyu si wangu. Tunahama na wale wawili. Yeye abaki."

"Baba watoto, akibaki peke yake mwewe atamwona."

"Na amwone!"

Mama akalia. Hata mimi ningelia.

Chatu akamwita ndege Yangeyange mlangoni mwa kichuguu, majirani wamejaa. "Mtoto wako huyo. Mchukue!"

Yangeyange akamtazama mtoto, akajitazama. "Bwana Chatu, mimi nina miguu. Nina mbawa. Nina mdomo mrefu. Vya kwake viko wapi?"

Majirani wakacheka. Chatu hakucheka.

Mara, vuuu! Kivuli cha mwewe kikapita. Chatu kwa woga akajikunja kama mpira, kichwa akakificha katikati. Na yule mtoto mweupe, aliyezaliwa asubuhi ileile, asiyefundishwa na yeyote, akajikunja vilevile, kichwa katikati.

"Baba watoto," mkewe akaita, "chungulia umwone mwanao!"

Chatu akachungulia. Akaona. Moyo wake ukalainika.

"Sasa huu weupe umetoka wapi?"

"Kwangu na kwako. Bibi yangu alikuwa mweupe. Na yule shangazi yako mweupe, mbona humtaji? Weupe wao ulijificha ndani yetu. Wangu na wako umekutana kwa huyu. Bila wako, asingekuwa hivi."

Chatu akaona haya.

Vuuu! Mwewe huyo, anashuka! Majirani wakatawanyika. Safari hii Chatu hakuficha kichwa. Akamzungushia mtoto mwili wake wa kahawia, akazungusha tena, mpaka weupe wote ukafunikwa. Alikuwa akitetemeka.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Baba yako yupo."

Mwewe akatazama, akaona udongo na majani tu, akaenda zake.

Basi, watoto, na ninyi wazazi mnaokagua watoto kwa rangi: mtoto huja na vya kwenu hata msivyovijua. Mpokeeni alivyo.

Ngano yangu ndiyo hiyo, imekomea hapo.