Elfu Mbili Kasoro Moja

Wapendwa, simu chini kidogo, maana mfano wa leo nautoa humo humo mnamopenda kuchungulia nikiwa nahubiri.

Kulikuwa na dada mmoja, fundi wa kompyuta, na wenzake wa kujitolea kama hamsini hivi. Kazi yao ilikuwa hii: kuna programu za zamani zinazokubali kompyuta za aina moja tu, ukizihamishia kwenye aina nyingine, zinagoma. Basi wao wakawa wanaunda programu ya kukaa katikati, kama mkalimani anayesimama hapa mbele akija mhubiri mgeni, ili zile za zamani zifanye kazi popote. Tena iwe ya bure, na kila mtu aruhusiwe kuifungua ndani, aisome, airekebishe. Kazi ya watu wenye moyo, jamani!

Dada huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na ndiye aliyeandika sheria: toleo halitoki mpaka majaribio yote yapite. Yote! Na mpimaji ilikuwa mashine yenyewe. Mtu akigusa hata mstari mmoja wa programu, inaanza kupima: kilichopita inakiwekea kijani, kilichoshindwa inakiwekea nyekundu. Mashine haina shemeji, wapendwa. Haimjui mwenyekiti.

Ikafika Jumamosi ya uzinduzi. Fulana zimechapwa, keki imeshushwa, wageni wanaingia ukumbini. Dada kavaa kitenge kipya, anatembea kifua mbele, na kwa nini asijivunie? Miaka mitatu ya kazi! Akaingia chumba cha nyuma, akafungua kompyuta atazame mara ya mwisho. Kijani, kijani, kijani... nyekundu.

Moja tu, kati ya elfu mbili. Asubuhi ile ile muuguzi mmoja alikuwa ametuma jaribio la programu ya zahanati ya kupimia watoto. Mtoto wa kilo tisa na nusu akasomeka kilo tisini na tano! Na ile sehemu ya kusoma namba aliiandika nani? Yeye mwenyewe, kiongozi.

Rafiki yake akamsogelea, akamnong'oneza, "Dada, hiyo programu inatumiwa na zahanati ngapi? Na jaribio lenyewe limekuja leo. Lifute. Yabaki elfu mbili kasoro moja, yote kijani. Nani atajua?"

Alikuwepo pale mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, naye ni mmoja wa wale hamsini. Huyo dada alishamrudishia kazi yake mara tatu, kila mara kwa sababu ya nyekundu moja tu. Dada akamgeukia, mkono uko tayari kufuta.

"Mwalimu, unasemaje?"

"Mwanangu, uliponirudishia mara ya tatu nilikununia wiki nzima. Nikasema, kabinti haka kananionea. Lakini ya nne ilipopita, nilimwita mke wangu aje aione ile kijani. Nilijivuna, mama! Sasa ukilifuta hili leo, basi hata ile yangu haikupita."

Mmesikia hapo? Ukilifuta hili leo, hata ile yangu haikupita!

Dada akaondoa mkono. Akatoka hivyo hivyo na kitenge chake, akasimama mbele ya wageni, akasema, "Leo hatutoi. Kuna jaribio limekataa, na kosa ni langu." Watu wakaguna. Mgeni rasmi akatazama saa, akaondoka. Keki ikaliwa kimyakimya.

Siku kumi na moja alihangaika na zile namba. Ya kumi na mbili mashine ikajaa kijani mwanzo mpaka mwisho, na toleo likatoka. Siku hiyo alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna. Mwalimu naye, na wote hamsini.

Sasa njooni kwetu sisi. Si tulikaa hapa tukaweka sheria ya kwaya? Atakayekosa mazoezi mara tatu haimbi sikukuu. Binti wa mama anayeuza mboga pale kituoni akakosa mara tatu, tukamtoa. Alilia, mkamwona. Wiki mbili baadaye akakosa mtoto wa mzee wa kanisa. Mara tatu vilevile. Tukafanya nini? Mbona kimya? Tulikaa tena, tukaandika mara tano!

Na wale waliokuja mazoezi yote, na mvua ile, tumewaambia nini? Tumewaambia kupita kwao si kitu.

Msigeuze shingo kumtafuta mwenye kosa. Kikao kile nilikiongoza mimi, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa huu. Ibada ikiisha naenda kwa yule binti kumwomba radhi. Wazee mlioinua mikono pamoja nami, nitawangoja hapo nje. Twende wote.