Tabibu Aliyekataa Kutetewa kwa Mijeledi

Wamesimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham alikuwako tabibu mcha Mungu aitwaye Ziyad bin Waddah. Ilipoingia homa kali, alifundisha kuwa mgonjwa anyimwe maji mpaka homa ishuke, kwani ndivyo alivyosoma kwa mashekhe zake. Liwali akaipenda kauli hiyo kumpita hata aliyeisema. Akapiga mbiu kwamba atakayempa mgonjwa maji amemwasi tabibu, na aliyemwasi tabibu amemwasi liwali. Watu wakachapwa mijeledi sokoni kwa kikombe cha maji.

Ziyad alifurahi kusikilizwa. Binadamu ni binadamu. Lakini siku moja aliingia kwa mjane mmoja, Ummu Rabab, akamkuta mwanawe aliyemwacha mahututi ameketi anakula.

"Ulimpa maji?" akauliza.

Yule mama akamkinga mwanawe. "Sikumpa, bwana tabibu."

"Mama, mimi si askari. Kesho nitaulizwa mbele ya Mola juu ya roho hizi. Niambie kweli."

"Nilimpa. Aliyalilia, nikashindwa kuvumilia."

Tabibu akatoka upesi. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kwa upole. Waliotoa maji kwa siri, wagonjwa wao wengi walikuwa wamepona. Waliomtii yeye walikuwa wamezika. Akaketi kizingitini pa nyumba ya mwisho, akalia kama mtoto.

Ijumaa, baada ya swala, akasimama mbele ya liwali na umma wote. "Nilikosea," akasema. "Wapeni wagonjwa maji."

Liwali akawaka. "Nimewachapa watu kwa kauli yako. Ukiigeuza leo, nani atatuamini tena? Nyamaza, au nitakufukuza mjini."

"Nifukuze, bwana wangu. Homa haitajua kama nimefukuzwa. Itaendelea kuua."

Liwali akautazama umma uliojaa msikitini, wengi wao wafiwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Amri imefutwa. Wapeni maji."

Takbira zikarindima. Wengine, kwa furaha, wakapaza sauti kwamba sasa asiyetoa maji ndiye achapwe. Ziyad akainua mkono.

"Asichapwe mtu tena kwa ajili yangu. Mmekitazama mno kilemba changu; watazameni wagonjwa. Na mkiona nimekosea tena, njooni mniambie."

Viriba vya maji vikabebwa kila mtaa, wagonjwa wakainuka vitandani, na homa ikauacha mji ule.

Ndugu zangu, tabibu yule hakupata kuwa mkubwa kama siku aliyosema "nilikosea". Mola atujaalie wataalamu wanaokubali kuulizwa, na atupe sisi ndimi zisizoogopa kuwauliza. Amina.