Maziwa Getini, Ibada Ndani

Wapendwa, leo nina hasira, na sitaificha chini ya kanzu hii.

Palikuwa na hoteli moja kubwa kando ya barabara kuu, na mwenyewe alikuwa mcha Mungu wa kujulikana. Kila siku saa moja kamili asubuhi alifunga geti la nyuma, akawakusanya wapishi, wahudumu na mtunza stoo ukumbini kwa ibada. Saa moja mpaka saa tatu! Na wanaoleta nyama, mayai na mboga? Wasubiri nje.

Nje hapo alisimama mama mmoja mfugaji. Alikamua alfajiri, akafunga keni ya maziwa kwenye baiskeli, akafika geti ndiyo kwanza limefungwa. Kivuli hakuna. Saa tatu mtunza stoo anatoka ameshiba nyimbo, anachovya kipimo chake ndani ya keni. Sasa ninyi mnaofuga mnajua: maziwa yakishapigwa jua, kile kipimo huzama, kikasema yana maji. Huyu bwana hakujua, wala hakutaka kujua.

"Mama, umetia maji tena."

"Baba'ngu, ni jua hilo! Nipimie saa moja nikifika, uone."

"Saa moja tunaomba. Rudi nayo."

Mara ya tatu wiki ile. Sokoni wameshaanza kumnong'ona, ndiye yule wa maziwa ya bomba. Jamani! Mtu hajawahi kutia hata tone, leo jina lake linaburutwa chini. Njia nzima alilia, si kwa ajili ya maziwa, kwa ajili ya jina.

Na hoteli? Wageni wananyweshwa chai ya maziwa ya unga, wananung'unika, wanahama. Vyumba vitupu. Mwenye hoteli akafanya nini? Akaongeza ibada! Sasa mpaka saa nne.

Asubuhi moja mama yuko palepale juani, dirisha la ukumbi liko wazi, akamsikia mwenye hoteli kwenye kipaza sauti: "Ee Bwana, biashara inakufa! Tuletee maziwa safi! Tuletee mtu mwaminifu, wa kufika mapema!" Na wote, "Amina!"

Mama akalirukia geti kwa ngumi. "Niko hapa! Fungueni! Nimefika tangu saa moja!"

Mlinzi akaja mbio, kidole mdomoni. "Wewe mama, huna adabu? Watu wako mbele za Mungu!"

"Basi mwambie bosi wako Mungu ameshamjibu, na jibu mmelifungia nje liive juani!"

Akageuza baiskeli, akavuka barabara kwa mama lishe mmoja. Huyo hakumweka hata dakika. Akachota kikombe palepale, akayaonja, akasema, "Dada, maziwa haya ulikuwa unayapeleka wapi siku zote?" Mwezi haukuisha, wageni wa hoteli walikuwa wanavuka barabara kwenda kunywa chai kwenye mabenchi yake, na mwenye hoteli anawatazama kutoka dirishani, Biblia mkononi.

Mnacheka? Mnamcheka nani? Sisi hatufanyi hivyo? Tunafunga na kukesha tukiomba watu waaminifu, halafu akija mwaminifu tunamwambia ngoja kwanza, tuko na Mungu. Mungu gani huyo? Tunamchelewesha mtu sisi wenyewe, kisha tunamwita mwizi kwa yale aliyoharibikiwa mikononi mwetu!

Nilipokuwa nakuja kanisani leo, nimemwona mama mmoja nje ya geti letu, ameketi juu ya jiwe na matenga mawili ya mchicha, ule wa chakula cha wageni wetu mchana. Nimemuuliza. Ameambiwa asubiri ibada iishe, asituchafulie ua. Mchicha umeshalala.

Mzee wa zamu, usiniangalie mimi. Ondoka hapo ukafungue geti. Amina yenu itasubiri.